Deni la hoteli halilipwi: je, mahakama ya kaunti iko wapi, na nigonge mlango upi?

*"Wakili, salamu. Mimi ni mama wa kuuza samaki, naishi Kilifi mjini. Kwa miaka minne nimekuwa nikimpelekea samaki na pweza mwenye hoteli mmoja wa Watamu. Mwanzoni alikuwa akilipa kila Ijumaa, lakini tangu mwaka jana ananizungusha, na sasa deni limefika Sh286,000. Ninalo daftari ambalo mpishi wake alitia sahihi kila niliposhusha mzigo, na jumbe za M-Pesa za pesa alizowahi kunilipa. Nilienda polisi, wakaniambia hayo ni madai, si yao. Kaka yangu akasema niende mahakama ya kaunti kwa gavana. Nikaenda makao makuu ya kaunti, nikaelekezwa kwa mwanasheria wa kaunti, naye akasema hashughulikii kesi za watu binafsi. Jirani anasema kwa vile sote wawili ni Waislamu, niende kwa kadhi. Juzi nikafika mahakamani penyewe nikakuta milango chungu nzima: masjala, msimamizi, naibu msajili, kadhi, viongozi wa mashtaka. Nikiwa nimesimama pale, kijana mmoja mwenye tai akaniambia nimpe 15,000 anifungulie faili na kunitafutia hakimu mzuri. Sikumpa. Hiyo mahakama ya kaunti iko wapi, na nigonge mlango upi? Na bila wakili nitasikizwa kweli?"*

Dada, kwanza pole kwa kuzungushwa, na hongera kwa kutotoa hizo 15,000. Nikisoma barua yako naona kinachokuchosha si deni peke yake. Umepita ofisi tatu na kila moja imekwambia si hapa. Jambo la ajabu ni kwamba polisi na mwanasheria wa kaunti walikwambia kweli tupu. Walichokosa ni dakika mbili za kukueleza basi ni wapi.

Nianze na lile la kaka yako. Kenya haina mahakama ya kaunti. Tuna kaunti 47, na kila moja ina gavana na bunge lake, lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, iliziweka mahakama upande wa taifa. Hakimu anayeketi Kilifi, Malindi au Mariakani ameajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na mkuu wake wa juu kabisa ni Jaji Mkuu, ambaye tangu 2021 ni Martha Koome. Gavana hamwajiri, hamhamishi, wala hawezi kumpigia simu kuulizia kesi yako. Akifanya hivyo ni kosa, na hakimu anatakiwa kukataa.

Kaka yako hakulitoa hewani, hata hivyo. Kanjo wakimkamata mtu anayeuza bila leseni au aliyeegesha gari vibaya, humpeleka mbele ya hakimu, na anayesoma mashtaka mara nyingi ni mfanyakazi wa kaunti aliyeruhusiwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayetazama kutoka nje huona sare za kaunti, sheria ndogo za kaunti na faini, akajua hiyo ni korti ya gavana. Kumbe kaunti imekuja pale kama mlalamishi tu, kama vile wewe utakavyokwenda kumlalamikia mwenye hoteli.

Huku pwani kuna sababu nyingine ya zamani zaidi. Wazee wetu walikuwa na liwali na mudiri, na mtu mmoja ndiye aliyesimamia mji na ndiye aliyehukumu. Ukigombana na mwenzio ulienda kwa aliyetawala. Mabaraza hayo yalifutwa mwaka 1967 sheria ya mahakama za mahakimu ilipopangwa upya, lakini mazoea hayafutwi kwa gazeti la serikali. Mpaka leo naona watu wakienda kwa chifu, kwa naibu kamishna, kwa mwakilishi wadi, wakitafuta hukumu. Wanaweza kuwapatanisha, na upatanishi ni jambo jema, ila hawana uwezo wa kumlazimisha mtu alipe.

Huyo mwanasheria wa kaunti uliyeelekezwa kwake ni wakili wa serikali ya kaunti. Ofisi yake iliwekewa sheria yake mwaka 2020: kuishauri kaunti, kuiandikia mikataba na kuitetea inaposhtakiwa. Kama deni lako lingekuwa la hospitali ya kaunti, yeye ndiye angekuwa upande wa pili akikupinga. Usimlaumu.

Jirani yako naye amekosea, ingawa nusu ya aliyosema ni sahihi. Kadhi ni hakimu halali wa dola, na nafasi yake iko kwenye Kipengele cha 170 cha Katiba. Ulinzi wa mahakama hizo ulikuwa sehemu ya makubaliano ya 1963, pale mwambao ulipounganishwa na Kenya. Lakini mamlaka yake yana mipaka minne: hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi. Juu ya hayo, pande zote ziwe za Waislamu na zikubali kuhukumiwa na kadhi. Deni la samaki halimo, hata kama mliandikiana kwa Bismillahi. Ukifungua kesi kwa kadhi, mwenye hoteli atasimama siku ya kwanza aseme mahakama haina mamlaka, na atashinda bila hata kuulizwa kama alikula samaki wako.

Kwa upande wa polisi, kutolipa deni si jinai. Mambo hugeuka jinai kukiwa na udanganyifu tangu mwanzo, au mtu akikupa cheki akijua akaunti haina pesa. Kama katika kukuzungusha huko aliwahi kukupa cheki ikarudi na benki, nijulishe, maana hapo polisi watakuwa na kazi. Kwa uliyonieleza, ni madai, na mahali pa madai ni mahakama ya mahakimu au ile iliyo chini ya paa lake, Mahakama ya Madai Madogo.

Ngazi za mahakama nitazipitia haraka, kwa kuwa nyingi hutazigusa. Juu kabisa ni Mahakama ya Juu yenye majaji saba. Chini yake ni Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama Kuu pamoja na mbili zilizo sawa nayo kwa hadhi, ile ya Mazingira na Ardhi na ile ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Hizo ndizo za majaji. Chini yake ni mahakama za mahakimu, za makadhi, za kijeshi na nyingine zilizoanzishwa na bunge. Katika kesi za madai, mahakimu wanatofautiana kwa kiwango cha pesa wanachoweza kusikiza: hakimu mkazi hadi Sh5 milioni, na cheo kinavyopanda kiwango nacho kinapanda, hadi hakimu mkuu ambaye mwisho wake ni Sh20 milioni. Zaidi ya hapo unakwenda Mahakama Kuu.

Deni lako ni Sh286,000, kwa hiyo mlango wako ni Madai Madogo. Mahakama hii iliundwa na sheria ya 2016, ingawa ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na kuuziana bidhaa kumetajwa ndani yake waziwazi. Haigusi ugomvi wa umiliki wa ardhi, wala mambo ya ajira, wala kesi za kuchafuliwa jina. Anayeketi pale anaitwa mwamuzi, naye ni wakili mwenye tajriba ya angalau miaka mitatu. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na hukumu itolewe ndani ya siku tatu baada ya kusikizwa. Usishangae siku hizo zikipita, kwani kwenye kituo chenye mwamuzi mmoja na mafaili mengi hutokea. Hata hivyo ni mbali sana na kesi ya kawaida ya madai, inayoweza kukuzeesha. Kama kituo unachokwenda hakina mwamuzi wa Madai Madogo, kesi ya kiasi chako itafunguliwa kwa hakimu wa kawaida.

Kuhusu kituo: kesi hufunguliwa pale anapoishi au anapofanyia biashara unayemdai, au pale mambo yalipotokea. Samaki ulikuwa ukiwashushia Watamu, na mahakama iliyo karibu na Watamu ni ya Malindi. Kabla hujalipa chochote Kilifi, muulize karani kama faili lako linafaa kufunguliwa kwake au Malindi. Swali hilo halina malipo na litakuokolea nauli nyingi.

Tuje sasa kwenye hiyo milango chungu nzima, maana hapa ndipo watu wanapopotea, na ndipo vijana wenye tai wanapopata riziki. Mahakama imegawa kazi makusudi, ili anayepokea makaratasi asiwe ndiye anayepokea pesa, anayepokea pesa asiwe ndiye anayepanga tarehe, na hakuna hata mmoja kati yao anayehukumu. Ukiujua mgawanyo huo, utajua kila mlango unauombaje.

Mlango wa kwanza kwako ni dawati la huduma, kwa kawaida karibu na lango. Pale hutafuti haki, unatafuta kuelekezwa tu. Karibu yake ukutani utaona bango refu la ahadi za huduma lenye safu za kazi, ada na muda. Wengi hulipita bila kulisoma. Lisome, kwa kuwa ndilo litakalokuonyesha kwamba ada ya kufungua madai ya kiasi chako ni ndogo mno mbele ya zile 15,000.

Mlango wa pili ni masjala, na huo ndio moyo wa jengo. Hapo madai yako yanapokelewa, yanapewa namba, faili linafunguliwa na kutunzwa. Siku hizi mengi yanapitia mfumo wa mtandao, ulioanza Nairobi Julai 2020 na kufika nchi nzima 2024. Mtu binafsi anaweza kujisajili kwa kitambulisho chake bila kuwa wakili, na kama simu yako haikupi nafasi, omba usaidizi hapohapo mahakamani. Ukishalipa utapata namba ya kesi. Ukiona herufi E kabla ya tarakimu, mathalani E112, maana yake faili limefunguliwa kielektroniki. Iandike namba hiyo nyuma ya daftari lako na uipige picha. Kuanzia siku hiyo, mahakamani hutaulizwa jina, utaulizwa namba.

Malipo hayapiti mkononi mwa mtu. Mfumo unatoa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na risiti inatoka. Mtu yeyote anayekwambia "nitumie kwa namba yangu nikulipie", hata akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni, huyo anajilipa mwenyewe.

Msimamizi wa mahakama anaongoza wafanyakazi, jengo na bajeti. Humwendei kwa habari ya kesi, unamwendea faili likipotea, karani akikukataa bila sababu au huduma ikikwama. Juu yake kituoni kuna mkuu wa kituo, kwa kawaida hakimu mwenye cheo kikubwa kuliko wote pale, na ndiye anayesimamia ugawaji wa mafaili. Kwa hiyo habari ya "hakimu mzuri" wa kununuliwa pale foleni ni uongo. Humchagui mwamuzi wewe, wala hachaguliwi na yule kijana, na hata karani wa masjala hana uwezo huo.

Naibu msajili utamkuta hasa pale penye Mahakama Kuu. Anashughulikia makaratasi ya majaji, hukadiria gharama za kesi na kutia sahihi hati za utekelezaji. Wewe huenda usimwone kabisa, isipokuwa kesi ikienda rufaa. Viongozi wa mashtaka hawako chini ya mahakama. Wao ni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma iliyopewa chumba jengoni, kazi yao jinai. Vivyo hivyo afisa wa uangalizi, na askari wa seli za mahabusu. Jengo ni moja lakini mabwana ni tofauti, ndiyo maana ukimuuliza mmoja habari za mwingine anakutazama kama umemuuliza njia ya Lamu.

Ndani ya chumba cha kusikizia, mtu wa kumjua ni karani wa mahakama anayekaa mbele ya meza ya mwamuzi. Yeye ndiye anayeita kesi, anayetafsiri na anayekuapisha. Fika mapema asubuhi, tafuta namba yako kwenye orodha ya kesi za siku, na mwambie karani kwa sauti ya chini: "Namba fulani, mdai yupo." Kesi nyingi za watu wasio na mawakili hufutwa kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa nje chini ya mwarobaini akisubiri kuitwa kwa jina. Siku hizi nyingine zinasikizwa kwa video, kwa hiyo uliza kila mara: tarehe hii ni ya kufika au ya mtandaoni?

Umeuliza kama bila wakili utasikizwa. Utasikizwa. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa ajili ya mtu kama wewe: mwenye madai hufika mwenyewe, na asipoweza, humpa mtu idhini amwakilishe. Kanuni kali za ushahidi zimelegezwa, na unaweza kusema Kiswahili tangu salamu hadi mwisho. Mwenye hoteli anaweza kuja na wakili. Usitishike. Mwamuzi anajua nani hana wakili, na atauliza maswali yake mwenyewe. Atakachotaka ni mambo matatu: mlikubaliana nini, ulipeleka nini, alilipa kiasi gani. Ukianza kueleza jinsi alivyokusimamisha juani getini, ingawa inauma, unapoteza dakika zako.

Ushahidi wako ni mzuri kuliko unavyodhani, lakini una mianya miwili, na naomba tuizibe kabla hujafika masjala.

Mwanya wa kwanza ni sahihi ya mpishi. Mwenye hoteli atasema, "Mpishi si mimi, sikumtuma." Jibu lako liko kwenye M-Pesa. Kama mpishi alitia sahihi Jumatano ya kilo kumi, na Ijumaa mwenye hoteli mwenyewe akakutumia pesa za kilo kumi, na hivyo hivyo kwa miaka, basi mwenendo wenu unaonyesha sahihi hiyo ilikuwa yake. Kwa hiyo usipeleke picha za jumbe mojamoja. Omba taarifa kamili ya M-Pesa ya miaka yote minne, ikae sambamba na daftari, na uchukue kalamu uoanishe tarehe kwa tarehe. Hesabu zikigota Sh271,000 badala ya 286,000, dai 271,000. Mdai aliyezidisha kidogo huaminiwa kidogo kwa mengine yote. Kama huyo mpishi bado mnaongea, muulize kama atakubali kuja kutoa ushahidi. Kama ameacha kazi pale, huenda akakubali haraka zaidi.

Mwanya wa pili ndio unaoua kesi nyingi: unamshtaki nani? Jina lililo kwenye kibao cha hoteli si mtu. Hoteli inaweza kuwa ya mtu binafsi anayetumia jina la biashara, au ya kampuni, na hiyo kampuni ikawa na jina lisilofanana kabisa na la kibao. Ukishtaki mtu binafsi ilhali mnunuzi alikuwa kampuni, atasema mwenye deni si yeye. Ukishtaki jina la kibao lisilosajiliwa, utashinda dhidi ya hewa, na dalali wa mahakama, anayekamata mali za asiyelipa, hatakuwa na mtu wa kumfuata. Fanya upekuzi katika usajili wa biashara kupitia eCitizen kabla ya kuandika jina la mdaiwa. Tazama pia jina lililotokea kwenye M-Pesa alipokuwa akilipa, kama ni lake au la till ya hoteli. Kwa jambo hili moja, hata kama hutaki wakili wa kesi nzima, lipa nusu saa ya ushauri.

Kabla ya kufungua kesi, mwandikie barua ya madai. Iwe fupi: kiasi, kipindi, siku 14 za kulipa, na kwamba asipolipa utakwenda mahakamani. Mpelekee hotelini apokee kwa sahihi, na umtumie nakala kwa WhatsApp. Wengi hulipa hapa, au angalau hujibu, na jibu la "nitakulipa mwezi ujao" ni zawadi, kwa kuwa amekiri deni kwa maandishi yake. Usilifute.

Kesi ikifunguliwa, itakuwa kazi yako kuhakikisha hati ya wito imemfikia. Huipeleki wewe mkononi. Hupelekwa na mpeleka hati aliyeidhinishwa na mahakama, ambaye baadaye huapa hati ya kiapo akieleza alimkuta wapi na saa ngapi. Tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu pia kupelekewa kwa barua pepe au programu za ujumbe za simu, mradi uthibitisho wa kufika uambatanishwe. Mdaiwa asipojibu baada ya kupewa wito, unaweza kuomba hukumu bila yeye. Ila wito ukiwa na kasoro, hukumu hiyo itatenguliwa siku yoyote atakayojitokeza, na utaanza upya. Kwa hiyo pesa za mpeleka hati si za kubania.

Sasa nikuambie ukweli ambao kijana mwenye tai hawezi kukwambia: kushinda na kulipwa ni mambo mawili. Hukumu ni karatasi. Asipolipa kwa hiari, utaomba utekelezaji. Dalali wa mahakama mwenye leseni ataorodhesha mali zake zinazohamishika na kumpa siku saba alipe kabla ya kuzichukua. Au utaomba mahakama izuie pesa zilizo kwenye akaunti yake ya benki. Njia zote mbili zina gharama, na mwenye hoteli anaweza kudai kwamba friji na magari ni ya mtu mwingine, na huyo mtu akaja kuyapinga. Kuna pia kifungo cha madai, lakini mahakama haimfungi mtu kwa sababu hana. Inamfunga akiwa nacho na akakataa makusudi. Zaidi ya hapo, mdaiwa anaweza kuomba alipe kidogo kidogo, na mara nyingi hukubaliwa.

Kwa ajili hiyo, akija na pendekezo la maana kabla ya hukumu, lisikize. Sh50,000 kwa mwezi iliyoandikwa na kusajiliwa mahakamani kama makubaliano ina nguvu ya hukumu, na haina dalali ndani yake. Mahakama zenyewe zina upatanishi wake ulioanza Milimani 2016, na Katiba inawataka waamuzi kuuhimiza. Mimi ningekubali kusamehe gharama na riba kama anaanza kulipa wiki hii. Nisingesamehe deni lenyewe. Na nisingekubali ahadi ya mdomo kwa mtu aliyekuzungusha mwaka mzima, hata akiapa.

Ukikataliwa, rufaa kutoka Madai Madogo huenda Mahakama Kuu, na ni kwa hoja za sheria tu, si kwa kurudia nani alisema nini. Hapo usiende bila wakili. Mtafute pia ana kwa ana, mapema, ukigundua kwamba hoteli ni kampuni iliyo katika hali ya kufilisika, au mwenye hoteli akikujibu kwa madai yake dhidi yako, kwa mfano kwamba samaki waliharibu wageni wake matumbo, au kama sehemu ya deni inakaribia miaka sita, kwa sababu hapo ndipo sheria inafunga mlango wa madai ya mkataba. Kama huna uwezo wa kulipa wakili, ulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, au mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA Kenya, lile la mawakili wanawake. Mashirika hayo huchagua kesi, kwa hiyo nenda na makaratasi yako yamepangwa.

Na yule kijana. Mabroka wa mlangoni si wafanyakazi, ingawa wengine wana marafiki ndani. Akikufuata tena, mwambie mkuu wa kituo au msimamizi. Kama aliyekuomba pesa ni mfanyakazi wa mahakama, andika malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman wa Idara ya Mahakama, ukitaja tarehe, saa na mlango, au upeleke kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Malalamiko juu ya mwenendo wa hakimu au jaji mwenyewe huenda kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Kutoridhika na hukumu si malalamiko, hiyo ni rufaa, na watu wengi hupoteza siku zao za rufaa wakiandika barua kwa Tume.

Wiki hii, basi, fanya mambo manne kwa mpangilio huu: taarifa ya M-Pesa, hesabu dhidi ya daftari, upekuzi wa jina la hoteli, barua ya madai. Siku 14 zikipita kimya, nenda masjala ukiwa na kitambulisho chako, daftari lenyewe na nakala zake mbili, taarifa ya M-Pesa, barua yenye sahihi ya kupokelewa, na anwani ya hoteli pamoja na namba ya simu ya mwenyewe. Daftari halisi usimwachie mtu yeyote, hata karani. Mwonyeshe, achukue nakala, ulirudishe mkobani.